SOMO: Chakula cha Samaki Kisichoonekana kwa Macho

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikamilika mwaka 1965. Mwaka 1970 wavuvi walivua humo karibu tani 28,000 za samaki, wengi wao perege; kisha mavuno yakashuka vibaya. Wengi hulaumu nyavu za matundu madogo, nazo hakika zina lawama. Hata hivyo, liko jambo jingine ambalo katibu wa chama cha wavuvi hana budi kulielewa.

Perege hula, pamoja na vitu vingine, vimelea vya kijani vidogo mno vielavyo majini, viitwavyo planktoni-mimea. Kama mahindi ya shambani, vimelea hivi huhitaji mwanga na mbolea.

Katika bahari za pwani za nchi baridi, kama Uskoti na Norwei, kinachopungua wakati wa baridi ni mwanga. Dhoruba hukoroga maji na kupandisha mbolea kutoka chini, lakini siku ni fupi, na mimea husukumwa kwenye kina chenye giza. Siku zirefukapo, maji ya juu hupata joto, yakawa mepesi, yakaelea juu ya maji baridi. Ndipo mimea hubaki mwangani na kuongezeka kwa ghafula, hata mbolea ya juu iishe na wadudu wa majini wailemee kwa kuila.

Mwanga kwa Mwanga hausumbui hivyo, kwani urefu wa siku haubadiliki sana. Hapa mizani huelemea mbolea na tope. Bwawa jipya lilifunika majani na miti. Vilipooza vikarutubisha maji, na samaki wakashiba. Akiba ile haikudumu. Tangu hapo bwawa hutegemea sana Kikuletwa na Ruvu, mito ambayo wakati wa masika huleta rutuba na tope kwa pamoja, nalo tope huziba mwanga. Upepo nao hukoroga mashapo ya bwawa hili lisilo na kina kirefu.

Katibu aweza kupima mwenyewe. Sahani nyeupe ifungwe uzito na kamba yenye alama, ishushwe adhuhuri kivulini mwa mtumbwi, na kina inapotoweka kiandikwe daftarini kila juma, pamoja na mvua na samaki waliopimwa. Sahani hufichwa na tope au na ukijani. Kwa hiyo maji yatiwe katika bilauri na kuachwa usiku kucha. Tope zito litatuama.