Kompyuta Ikigoma Kufunguka, Usikimbilie Kupiga Mfumo Upya

Tuseme una steshenari Ngaramtoni na kompyuta yako inatumia Ubuntu. Jana uliichomoa diski ya pili ukampelekea fundi mjini. Leo asubuhi unawasha: mstari mmoja unahesabu sekunde hadi dakika moja na nusu, kisha unaambiwa uko kwenye hali ya dharura. Wengi hapo huibeba kompyuta hadi Arusha ikapigwe mfumo upya. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na pengine mafaili ya wateja yamekwenda pia, kumbe tatizo ni mstari mmoja.

Kompyuta inapowaka, husoma faili liitwalo /etc/fstab, yaani orodha ya diski za kufungua. Kila diski hutambuliwa kwa namba ndefu, UUID. Inayotajwa humo isipoonekana, mfumo huisubiri sekunde 90, kisha hugoma kuendelea.

Fanya hivi:

1. Bonyeza Enter, au weka nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mfumo) ukiombwa.

2. Tengeneza nakala kwanza: cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani. Ikikataa kuandika, tumia mount -o remount,rw / halafu urudie.

3. Andika blkid uone UUID za diski zilizopo.

4. Fungua faili kwa nano /etc/fstab. Mstari wenye UUID isiyokuwemo kwenye orodha ya blkid, uwekee alama ya # mwanzoni. Usiufute, mfumo utauruka tu. Mstari wa diski kuu, wenye / peke yake katika safu ya pili, usiuguse.

5. Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X, kisha andika reboot.

Diski ikirudi, ondoa #. Kama ni ya kuchomekwa na kuchomolewa, badilisha neno defaults liwe defaults,nofail, bila nafasi katikati. Siku nyingine isipokuwepo, kompyuta itafunguka bila hiyo.

Je, kioo kinabaki cheusi? Washa huku ukigusa Esc, au ukishikilia Shift kwenye mashine za zamani. Menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo, ikitokea, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset, kisha F10. Badiliko hilo ni la mara moja tu. Likisaidia, liandike ndani ya /etc/default/grub kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha sudo update-grub. Faili la grub.cfg usilihariri kwa mkono, maana mfumo huliandika upya wenyewe.

Kwa wanaotumia Windows, tangu Vista mipangilio ya kuanzisha mfumo haimo tena kwenye faili la maandishi. Kabla ya kuigusa, ihifadhi kwa bcdedit /export.

Diski ikigonga-gonga, zima. Hapo ni kazi ya fundi. Na leo, umeme ungalipo na printa inafanya kazi, chapa fstab yako uibandike chini ya meza.