SOMO: KIPANYA KINAPOGOMA BAADA YA KOMPYUTA KUSASISHWA



Somo letu la safari hii linahusu kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, yaani kipanya cha kompyuta. Wapo watakaouliza: je, hilo nalo ni jambo la ushirika? Ndiyo, ni jambo la ushirika. Siku hizi daftari la wanachama, hesabu za mazao yaliyopimwa na orodha za malipo za vyama vyetu vingi zimo ndani ya kompyuta. Kipanya kikigoma asubuhi ya siku ya malipo, wakulima waliotoka mbali huketi barazani wakisubiri fedha zao, na minong'ono huanza kwamba Katibu anaficha jambo. Aidha, katika pilikapilika za kutafuta dawa, ndipo nywila ya chama hupewa mtu asiyehusika, na ndipo kumbukumbu za misimu mingi hufutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwa hiyo hasara kubwa haitokani na kipanya chenyewe. Hutokana na namna tunavyolitatua tatizo lake.

1. KIPANYA HUFANYAJE KAZI?

Kipanya kilibuniwa Marekani na Ndugu Douglas Engelbart katika miaka ya 1960, akisaidiwa na mhandisi mwenziwe Bill English. Cha kwanza kilikuwa na kasha la mbao, na kilionyeshwa hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Vya siku hizi vina taa ndogo tumboni na jicho linalopiga picha nyingi mno za meza kwa kila sekunde. Kwa kulinganisha picha hizo, kipanya hutambua kimesogezwa upande gani na kwa kiasi gani, kisha hupeleka habari hiyo kwenye kompyuta kwa waya au kwa mawimbi ya redio.

Hata hivyo, habari hiyo haisogezi mshale wa skrini peke yake. Ndani ya kompyuta imo programu ndogo ambayo kazi yake ni kuupokea ujumbe wa kipanya na kuutafsiri. Mafundi huiita draiva. Mfumo mkuu wa kompyuta, kwa mfano Windows, unapopokea sasisho, yaani marekebisho mapya kutoka kwa watengenezaji, huenda draiva nayo ikabadilishwa. Draiva mpya isipopatana na kipanya cha zamani, mshale huganda, au huruka-ruka, au hutoweka kabisa.

Basi tukumbuke kwamba ubovu unaweza kuwa katika sehemu tatu: kwenye kifaa chenyewe, kwenye njia (waya, tundu au redio), au kwenye programu.

2. "BAADA YA" SI "KWA SABABU YA"

Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Kipanya kimegoma baada ya kompyuta kusasishwa, basi tunatoa hukumu kwamba sasisho ndilo lililokiharibu. Huenda ni kweli, lakini huenda betri zimeisha usiku uleule, au aliyefagia ofisi amechomoa waya. Mizani ikionyesha uzito unaotiliwa shaka, mpimaji mwaminifu hatangazi kwamba mizani ni mbovu. Huweka kwanza jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Nasi tutafute jiwe letu la kupimia.

Jiwe hilo ni majaribio mawili mepesi. Kwanza, chomeka kipanya hicho kwenye kompyuta nyingine. Pili, chomeka kipanya kingine kizima kwenye kompyuta yenye tatizo. Kisha soma majibu:

(a) Kipanya chako kinakataa huko na cha pili kinafanya kazi hapa: kipanya chako kimekufa. Nunueni kingine, wala msiiguse kompyuta.

(b) Kipanya chako kinafanya kazi huko na cha pili kinakataa hapa: tatizo limo katika kompyuta, ama tundu ama programu.

(c) Vyote viwili vinafanya kazi: kipanya chako hakipatani na draiva yake katika kompyuta hii, au tundu ulilotumia mwanzo ndilo bovu.

(d) Vyote viwili vinakataa: huenda matatizo ni mawili kwa pamoja. Anzeni na tundu.

3. HATUA ZA KUFUATA

Fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake, mkibadilisha jambo moja tu kila mara na kutazama matokeo kabla ya kuendelea. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya.

Hatua ya kwanza: Okoa kazi yako. Kibodi bado ni mkono wako. Shikilia Ctrl na ubonyeze S ili kuhifadhi ulichokuwa ukiandika. Kitufe cha Tab hukupeleka kutoka sehemu moja ya ukurasa hadi nyingine, na Enter hukubali. Alt pamoja na F4 hufunga programu. Ikiwa kibodi ina tarakimu upande wa kulia, bonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, kisha Enter. Tangu hapo 8, 2, 4 na 6 za upande huo husogeza mshale juu, chini, kushoto na kulia, na 5 hubofya. Ni njia ya polepole, lakini malipo yanaweza kuendelea.

Hatua ya pili: Kagua kifaa na njia. Je, taa ya tumboni inawaka? Zipo zisizoonekana kwa macho, kwa hiyo usihukumu kwa taa peke yake. Badili betri. Chomoa waya au kipokezi cha redio na ukichomeke katika tundu jingine, hasa lililo kwenye mwili wa kompyuta yenyewe badala ya kupitia kigawanyo. Futa jicho la kipanya kwa kitambaa kikavu. Jaribu juu ya karatasi nyeupe, kwa maana meza ya kioo au inayong'aa hulipotosha jicho.

Hatua ya tatu: Washa upya. Wengi huizima kompyuta kwa "Shut down" na kuiwasha tena, wakidhani imeanza upya kabisa. Katika Windows 10 na 11 mara nyingi sivyo. Ukiwepo utaratibu wa kuwaka haraka, kompyuta huhifadhi sehemu ya hali yake ya jana na kuirudia. Chagueni "Restart", nayo huanza upya kweli. Ikionyesha kwamba sasisho halijakamilika, iacheni imalize, na umeme usikatwe.

Hatua ya nne: Tazama kama lipo sasisho la kusahihisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, fungua "Windows Update", kisha tafuta masasisho mapya. Mara nyingi watengenezaji hugundua kosa lao na kutuma sahihisho baada ya siku chache.

Hatua ya tano: Rudisha draiva ya zamani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Itatokea orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Bonyeza Tab kuingia katika orodha, shuka kwa mishale ya kibodi hadi "Mice and other pointing devices", fungua kwa mshale wa kulia, shuka hadi jina la kipanya, kisha Enter. Kwa Ctrl na Tab nenda ukurasa wa "Driver". Humo kipo kitufe "Roll Back Driver", nacho hurudisha draiva iliyotangulia. Kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Hapo yafaa kukiondoa kifaa katika orodha kwa "Uninstall Device" na kuwasha upya, na kompyuta itakitambua kama mgeni na kukiwekea draiva upya.

Hatua ya sita: Iondoe sasisho lenyewe. Hii ni hatua ya mwisho, na isichukuliwe na Katibu peke yake bila fundi wa chama au wa Chama Kikuu. Katika "Windows Update" ipo historia ya masasisho, na ndani yake njia ya kuondoa lililowekwa karibuni. Tahadhari: masasisho mengi huziba mianya ya wezi wa mitandaoni. Ukiliondoa, unaufungua tena mlango uliokwisha kufungwa. Kwa hiyo liondolewe kwa muda tu, na lirejeshwe mara sahihisho linapopatikana.

4. MFANO WA OKTOBA 2025

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la Windows 11 lenye namba KB5066835. Baada ya kuliweka, watumiaji walioingia katika mazingira ya matengenezo, yaani ule ukurasa unaotumika kuiokoa kompyuta iliyoharibika, walikuta vipanya na kibodi za USB havisikii. Ajabu ni kwamba vifaa hivyohivyo vilifanya kazi vizuri katika Windows ya kawaida.

Tulipime jambo hilo kwa jiwe letu. Kifaa ni kilekile, na tundu ni lilelile. Kimoja tu kimebadilika, nacho ni mazingira ya programu. Kwa hiyo kununua kipanya kipya kungekuwa kutupa fedha za wanachama. Tarehe 20 Oktoba 2025, siku sita baadaye, kampuni ilitoa sahihisho namba KB5070773, na tatizo likaondoka. Hapa dawa ilikuwa sasisho jingine, wala si kukataa masasisho.

Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaoshauri kwamba kompyuta ya ofisi isisasishwe kamwe. Ushauri huo ni wa hatari. Tarehe hiyohiyo ya 14 Oktoba 2025, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida ya masasisho. Chama kinachotumia mfumo usiolindwa ni sawa na ghala lisilo na kufuli.

5. MAMBO YA KUKATAA

Kwanza, msikubali mtu abonyeze "Reset this PC" kwa sababu ya kipanya. Njia hiyo ina chaguo la kufuta kila kitu, pamoja na hesabu za wakulima. Pili, msipakue programu za "kutengeneza draiva" kutoka mahali msipopajua, kwa maana nyingine hubeba wizi ndani yake. Tatu, nywila ya Katibu isitolewe kwa kijana wa dukani, hata akiwa mtoto wa ndugu. Majina, namba za simu na akaunti za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fundi afanye kazi mbele ya Katibu, naye Katibu aandike nywila kwa mkono wake mwenyewe. Nne, Bodi isiidhinishe ununuzi wa kompyuta mpya kwa maneno ya "hii imeharibika" kabla ya kuonyeshwa matokeo ya yale majaribio mawili.

6. KINGA

Chama chenye busara kitafanya haya matano:

(i) Kitaweka kabatini kipanya kimoja cha akiba chenye waya. Hakihitaji betri wala kipokezi, na ndicho kipimo chetu.

(ii) Hakitasasisha kompyuta katika juma la malipo. Windows ina njia ya kusimamisha masasisho kwa muda. Itumike, kisha sasisho liwekwe mara malipo yanapokwisha.

(iii) Kitanakili kumbukumbu zake kabla ya kila sasisho kubwa, na nakala itatunzwa mbali na kompyuta.

(iv) Kitakuwa na daftari la matengenezo, lenye tarehe, tatizo, hatua zilizochukuliwa, jina la fundi na gharama. Mkaguzi akifika, daftari hilo litasema badala ya Katibu.

(v) Kitachapa orodha ya malipo siku moja kabla. Kompyuta ikigoma, malipo yataendelea kwa orodha iliyotiwa sahihi, na yataingizwa mashineni baadaye.

Ndugu Wanaushirika, hakuna katika haya linalohitaji shahada ya chuo kikuu. Linalohitajika ni utaratibu uleule tuutumiao kutafuta shilingi iliyopotea katika kitabu cha fedha: kutokuwa na papara, kuanza na jambo jepesi, kupima kabla ya kuhukumu, na kuandika kila tulichofanya. Katibu afanyaye hivyo anailinda mali ya wanachama, naye anajilinda dhidi ya lawama isiyo haki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kipanya cha chama chenu kinagoma asubuhi ya malipo. Tajeni mambo matatu ambayo Katibu anaweza kufanya kwa kibodi peke yake.

2. Kipanya kinafanya kazi kwenye kompyuta ya shule ya jirani, lakini kipanya cha akiba kinakataa kwenye kompyuta ya ofisi. Ubovu uko wapi? Ni hatua ipi ifuatayo?

3. Kuna tofauti gani kati ya "Shut down" na "Restart"? Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu baada ya sasisho?

4. Mjumbe wa Bodi anapendekeza masasisho yazimwe daima. Mtamjibu nini?

5. Je, chama chenu kina nakala ya kumbukumbu nje ya kompyuta? Nani anaitunza, na ilifanywa lini mara ya mwisho? Jibu la swali hili liandikwe katika muhtasari wa mkutano.