Mke wangu amefungua shauri la talaka

SWALI: Nimeletewa samansi. Mke wangu anadai talaka, nusu ya nyumba niliyoanza kuijenga kabla hatujaoana, na matunzo ya watoto wawili. Nikikaa kimya itakuwaje? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, usikae kimya. Mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kuamua bila wewe.

Kwanza tazama viambatisho. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo isipokuwepo, weka pingamizi mapema, isipokuwa kama kuna sababu ya msamaha, mfano mwenzi ametelekezwa na hajui mwenzake aliko. Ila pingamizi hilo linakupa muda tu. Anaweza kurudi barazani na kuanza upya.

Nyumba ndiyo yenye kazi. Kiwanja cha kabla ya ndoa ni chako, lakini kama nyumba mliiendeleza pamoja, kifungu cha 114 kinaiingiza kwenye mgawanyo. Tena usimwambie hakimu "huyu alikuwa wa nyumbani tu". Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kupika na kulea ni mchango. Hata hivyo nusu kwa nusu si lazima, hugawanywa kwa kadiri ya mchango. Kusanya hati ya mauziano, risiti za saruji na mabati zenye tarehe, na karatasi za mkopo mliojengea, maana madeni ya familia nayo huhesabiwa.

Matunzo ya watoto usiyapinge. Bishania kiasi, ukiwa na hati ya mshahara mkononi.