Sikio Kabla ya Kalamu: Namna ya Kusikiliza kwa Visikilizio Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walisema sikio halilali njaa. Kwetu sisi wa kitivo cha lugha, methali hiyo ina maana moja zaidi: hata jioni, mwanafunzi akisharudi nyumbani, sikio lake bado lina kazi. Lina mahojiano ya kunukuu, hadithi za wazee za kurudiarudia, nyimbo za kuchambua. Wengi wetu tunafanya kazi hiyo kwa visikilizio, yaani vile vifaa vya masikioni ambavyo mjini Lubumbashi tunaviita ekutere. Darasani tunafundishwa kuuliza maswali na kuandika alama za fonetiki. Namna ya kusikiliza nyumbani, kila mtu anajitafutia.

Makala haya yanakusudia kusaidia hapo. Hoja yangu ni moja: sauti bora hupatikana kwanza kwa kupunguza kelele, na kununua kifaa kipya ni hatua ya mwisho. Nitaeleza hatua hizo kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe, nikichanganya kazi na muziki, kwa sababu anayefurahia kusikiliza huvumilia kusikiliza.

1. Kitu gani kinapotea?

Tuchukue Kiswahili cha mji wetu. Mzungumzaji mmoja anaweza kusema «mtoto» mbele ya mwalimu na «mutoto» akimgeukia jirani. Anaweza kusema «hapa» katika sentensi moja na «apa» katika inayofuata. Tofauti ya «m» na «mu» ni irabu fupi sana. Tofauti ya «hapa» na «apa» ni pumzi tu. Vitu hivyo vidogo ndivyo data ya anayechunguza lugha ya mji.

Sasa weka pumzi hiyo ndani ya kelele ya jenereta la jirani. Sikio halitaipata, lakini akili haiachi nafasi wazi: inajaza yenyewe kwa neno inalolitarajia. Aliyezoea Kiswahili sanifu ataandika «hapa», na aliyezoea lugha ya mtaani ataandika «apa», na kila mmoja ataapa kwamba amesikia. Hapo matini haielezi tena alivyosema mzee aliyehojiwa. Inaeleza mazoea ya aliyeandika. Kwa Kiluba na Ciluba hatari inazidi, maana ni lugha za toni: mpando au mshuko wa sauti unaweza kubeba maana nzima ya neno.

Simu inatupa mfano mzuri. Simu za kawaida zilijengwa kupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, ilhali sikio changa la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Nguvu kubwa ya sauti «s» iko juu ya hezi 4,000. Ndiyo maana kwenye simu «s» na «f» huchanganyika, na mtu akitaja jina lake hulazimika kuongeza: «S ya Simon». Kisikilizio kibaya, au chumba chenye kelele, kinaturudisha kwenye hali hiyohiyo bila sisi kujua.

Huku Katanga jambo hili lina uzito wa pekee. Mazungumzo ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ya miaka ya 1973 na 1974, yalifanyika kwa Kiswahili cha hapa. Yamebaki kuwa hazina kwa sababu yalirekodiwa, kisha mtu akakaa akayasikiliza kwa subira na kuyaandika. Kanda tunazorekodi leo zitahitaji subira hiyohiyo.

2. Chumba kwanza

Kabla ya kugusa kifaa, nasikiliza chumba. Nakaa kimya kwa dakika mbili na kuorodhesha kila ninachosikia: feni, friji, jenereta, bar ya kona, watoto katika parseli. Kisha nauliza ni kipi ninachoweza kukiondoa. Feni nazima. Dirisha la upande wa bar nafunga. Meza naisogeza mbali na ukuta unaopakana na jirani. Pazia zito, kitanda chenye blanketi na rafu ya vitabu hunyonya mwangwi na kelele kidogo.

Saa nayo ni sehemu ya chumba. Katika parseli nyingi, alfajiri kabla ya ndoo na sufuria kuanza kugongana, kuna ukimya ambao hakuna duka linaloweza kukuuzia. Sehemu ngumu za kanda mimi naziwekea saa hiyo. Jioni nafanya zile ambazo sauti yake iko wazi.

3. Kisikilizio kikae vizuri

Visikilizio vidogo vya kuingiza sikioni huja na vipira vya ukubwa mbalimbali, na watu wengi hawabadilishi kamwe vile walivyovikuta. Kipira kikiwa kidogo, hewa inapita pembeni na sauti nzito zinapotea. Utajua kwa sauti ya mwanaume mzima: ikisikika nyembamba kama ya redio ndogo, kuna mwanya. Jaribu kipira kikubwa zaidi. Inawezekana pia sikio la kulia likahitaji kipira tofauti na la kushoto.

Kwa vile vikubwa vinavyofunika sikio, tazama mito yake. Ngozi ikipasuka na sponji ikilala, sauti nzito huvuja na kelele za nje huingia. Mito hubadilishwa, na aghalabu hugharimu kidogo kuliko kisikilizio kipya. Fundi wa nguo anaweza hata kushona kifuniko cha kitambaa.

Mwisho, hakikisha kwamba herufi L iko kushoto na R iko kulia. Katika muziki wa stereo, kugeuza pande ni kuhamisha wapiga gitaa. Katika mahojiano yaliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili, ni kubadilisha nafasi ya anayeuliza na anayejibu.

4. Chanzo cha sauti

Hakuna kisikilizio kinachoweza kurudisha kilichokwisha kukatwa. Faili ya MP3 hupungua ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzitambua. Kuigeuza tena kuwa WAV kunaongeza kilobaiti, hakuongezi sauti. Kwa hiyo rekodi kwa WAV tangu mwanzo, na faili ya asili usiiguse: nakili, ufanye kazi kwenye nakala. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa sababu ujumbe wa sauti wa kawaida hubanwa.

Ukisikia mngurumo wa chini unaposikiliza kwa kompyuta, chomoa chaja usikilize tena. Mara nyingi mngurumo unaondoka papo hapo. Ukibaki, kiunganishi kidogo cha USB chenye tundu la kisikilizio husaidia, kwa kuwa kinageuza namba kuwa sauti nje ya kompyuta yenyewe, mbali na vurugu za umeme wa ndani.

Visikilizio vya bluetooth ni rahisi kubeba, lakini hubana sauti kwa mara nyingine na kuichelewesha kidogo. Anayebonyeza kusimamisha na kurudisha kila sekunde tatu huchoshwa na ucheleweshaji huo. Kwa unukuzi mimi natumia waya. Tena waya hauhitaji kuchajiwa umeme ukikatika.

Programu zipo za bure: Audacity kwa kusafisha nakala, Praat kwa kutazama umbo la sauti, ELAN kwa kupanga maandishi sambamba na kanda. Katika kusafisha nina kanuni moja: punguza kabla ya kuongeza. Kukata masafa yaliyo chini ya hezi 80 huondoa mtetemo wa magari na upepo, na maneno hayaathiriki sana. Anayeongeza tu sauti nzito na sauti kali pamoja hupata kelele kubwa zaidi.

5. Kiasi cha sauti

Historia ya kifaa hiki inafundisha. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah, Marekani, alitengeneza visikilizio ambavyo jeshi la majini la nchi yake lilivinunua kwa waendeshaji wa redio. Watu hao walikuwa wakitafuta ishara hafifu kutoka mbali. Kisikilizio cha stereo cha kusikilizia muziki nyumbani kilikuja baadaye, John Koss alipotoa chake mwaka 1958. Basi mwanzoni chombo hiki kilikuwa cha kusikia kidogo kwa makini. Kupiga masikio kwa nguvu hakukuwa kazi yake.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwa kiwango cha desibeli 80. Kwa desibeli 90, muda unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinywele, takriban 15,000 kila upande, na kwa binadamu zikifa haziota tena. Uharibifu wa kelele huanza kuonekana karibu na hezi 4,000, yaani palepale vikwamizo vyetu vinapokaa. Mwanafunzi wa fonetiki anayesikiliza kwa sauti kubwa anatafuna mbegu zake.

Mimi naweka kiasi cha sauti kabla ya kanda kuwa ngumu, nikiwa bado katika ukimya, kisha siongezi. Nikishindwa kusikia neno, narudi nyuma mara tatu. Nikishindwa bado, naandika alama ya «halisikiki» na kuendelea. Kila saa napumzisha masikio kwa dakika kumi. Masikio yakilia baada ya kuvua kifaa, kazi ya siku hiyo imekwisha.

6. Ukifikia kununua

Baada ya hatua hizo, wengine watagundua kwamba walichonacho kinatosha. Anayetaka kununua ajiulize maswali mawili.

La kwanza: chumba chake kikoje? Visikilizio vyenye mgongo wazi hupitisha hewa, na muziki husikika umetanuka kana kwamba uko chumbani. Lakini hupitisha kelele pia, ndani na nje, hivyo havifai katika parseli yenye watu. Vyenye mgongo uliofungwa vinafaa zaidi hapo. Vile vinavyofuta kelele kwa maikrofoni hupunguza vizuri ngurumo isiyobadilika, kama ya jenereta. Mazungumzo ya watu hupunguza kwa kiasi kidogo.

La pili: simu yake ina nguvu ya kuviendesha? Tazama ukinzani, unaoandikwa kwa omu. Vya omu 16 hadi 32 kwa kawaida hufanya kazi na simu. Sennheiser HD 600 ina omu 300, na bila kikuza sauti inaweza kusikika chini mno. Beyerdynamic DT 770 Pro hutolewa kwa omu 32, 80 na 250, hivyo soma boksi kabla ya kulipa.

7. Wimbo wa kipimo

Chagua rekodi moja unayoijua sana, uitumie kupima kila badiliko. Mimi natumia «Masanga» ya Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, ambayo Hugh Tracey aliirekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Ni gitaa linalopigwa kwa kidole gumba na cha shahada. Nafuata kidole gumba peke yake kwenye nyuzi nzito hadi mwisho, kisha narudi mwanzo na kufuata cha shahada. Kifaa kikinichanganyia vidole hivyo viwili, najua kitanichanganyia pia wazee wawili wanaozungumza kwa pamoja. Kwa kuwa rekodi za wakati ule zilikuwa za mono, gitaa linapaswa kukaa katikati ya kichwa. Likielemea upande mmoja, kuna kasoro katika waya, kipira au sikio lenyewe.

Na ukimaliza kupima, acha wimbo uendelee. Sikio lililofunzwa na gitaa la Mwenda husikia irabu fupi vizuri zaidi, na furaha yake ni ya bure.

Zoezi

Chukua dakika moja ya mahojiano yako. Inukuu jioni, kelele zikiwepo. Siku ya pili inukuu upya alfajiri, bila kutazama ya kwanza, ukiwa umefuata hatua ya 2 hadi ya 5. Linganisha nakala hizo mbili na upigie mstari kila tofauti ya «m» na «mu», ya «h» iliyopo na isiyopo, na ya toni kama lugha yako inazo. Peleka nakala zote mbili kwa mwalimu anayekuongoza.

Hitimisho

Mzee aliyekubali kuzungumza mbele ya simu yetu alitupa maneno yake jinsi alivyoyatamka. Hatakuwapo siku ya utetezi kusema kama tumemwandika sawasawa. Ushahidi pekee ni kanda, na mlango pekee wa kanda ni sikio. Anayefunga dirisha, kubadilisha kipira na kupunguza sauti anatimiza sehemu yake ya ahadi aliyompa mzee huyo, na hajatumia hata faranga moja.