Taa ya Kuonya Upungufu wa Gesi Katika Gari la Chama



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, na kila safari yake hulipiwa kwa jasho lao. Somo hili linavihusu vyama vyenye gari la petroli lililofungwa pia mfumo wa kuingiza gesi ya propeni katika injini. Nia ya kufunga mfumo huo ni kupunguza gharama, lakini faida yake hupotea endapo gesi itakwisha bila mtu kujua.

1. Hasara hutokeaje?

Tuchukue mfano wa gari dogo linalokusanya maziwa ya wanachama alfajiri. Gesi ikiisha njiani, mifumo mingi huirudisha injini kwenye petroli yenyewe. Dereva asipotambua, huendelea kutumia petroli mpaka jioni. Mwisho wa mwezi vocha za petroli huzidi, na kitabu cha safari hakielezi sababu. Hapo kamati huanza kumshuku dereva. Dereva mwaminifu huvunjika moyo, na asiye mwaminifu hupata mahali pa kujificha. Na kama tangi la petroli nalo ni tupu, gari husimama na maziwa huchachuka.

2. Kwa nini kipimo cha msukumo hakitoshi?

Wengi hudhani kwamba msukumo wa gesi ndani ya tangi hupungua kadiri gesi inavyotumika. Sivyo. Propeni hukaa tangini ikiwa majimaji, na juu yake kuna mvuke. Maadamu majimaji yamebaki, hata kidogo, msukumo hufuata joto wala si wingi. Propeni halisi katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi ina msukumo wa takriban baa 7, na katika nyuzi 40 huzidi baa 12, tangi liwe limejaa au limekaribia kwisha. Majimaji yakiisha, msukumo huanguka ghafla, na onyo linalotegemea msukumo huja wakati hakuna tena la kufanya.

Kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni kimo cha majimaji. Ndani ya tangi mna boya lililofungwa sumaku. Boya linaposhuka, sumaku hiyo huigeuza sindano ya kipimo kilicho nje, bila tundu lolote kupitisha gesi. Juu ya kipimo hufungwa kihisio kinachopeleka umeme kwenye taa ndogo za swichi ya gesi. Taa hizo huonyesha robo kwa robo tu, na mara nyingi swichi yenyewe huwa mahali ambapo jicho la dereva halifiki.

3. Kuongeza taa ya onyo

Fundi aanze kwa kupima volti katika waya wa kihisio, tangi likiwa limejazwa na likiwa limekaribia kwisha. Vihisio si vya namna moja: katika baadhi volti hushuka gesi inapopungua, na katika vingine hupanda. Tutaeleza ile namna ya kwanza. Kwa namna ya pili fundi atabadilishana miguu miwili ya kuingizia.

Kifaa kinachohitajika ni kilinganishi cha volti, kama kile cha aina ya LM393. Mguu mmoja hupokea volti ya kihisio. Mguu wa pili hupokea volti iliyopangwa kwa rezista ya kurekebisha, nayo itolewe katika chanzo kile kile kinacholisha kihisio, ili mabadiliko ya betri yasidanganye. Volti ya kihisio ikishuka chini ya ile iliyopangwa, taa nyekundu ya LED huwaka. Taa hiyo iunganishwe pamoja na rezista ya omu 1,000.

Barabara zetu zina mashimo na miinuko, na majimaji huyumba. Ili taa isipepese, waya wa kihisio upitie rezista ya omu 100,000, kisha kapasita ya mikrofaradi 100 iunganishwe kutoka hapo hadi bodi. Viwili hivyo huchelewesha mabadiliko kwa sekunde 10 hivi. Kuna faida nyingine: mfumo unapowashwa, kapasita huwa tupu, na taa huwaka kwa muda mfupi kisha huzimika. Dereva asipoiona ikiwaka, ajue taa imeharibika.

Umeme wa kifaa utoke kwenye waya unaofungua vali ya gesi, kwa kupitia fyuzi ya ampea 1.

4. Kupanga kiwango

Gari litumie gesi mpaka ijirudishe kwenye petroli. Kisha zijazwe lita 8 tu. Gari likiwa mahali tambarare, rezista irekebishwe mpaka taa ianze kuwaka. Kama gari hutumia lita 12 kwa kilomita 100, lita 8 zitalipeleka kilomita 66 hivi. Dereva ahesabu 50, na zinazobaki ziwe akiba.

5. Tahadhari

Propeni ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu. Ikivuja hutuama chini. Kazi ifanyike uwanjani, si katika shimo la karakana, na waya wa hasi wa betri uondolewe kwanza. Tangi lisitobolewe, wala vali zake zisilegezwe. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kibali. Tangi lijazwe asilimia 80 tu, yaani lita 40 kwa tangi la lita 50, kwa kuwa majimaji hutanuka kwa joto. Petroli nayo isiachwe kuisha kabisa, kwani katika magari mengi ndiyo inayopoza pampu yake.

6. Kazi ya Katibu

Taa haiweki hesabu. Katika kitabu cha safari ziongezwe safu mbili: kilomita taa ilipowaka, na kilomita gesi ilipojazwa. Tofauti ikizidi 50, Katibu amwulize dereva siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Kwa njia hii dereva mwaminifu atakuwa na ushahidi wake, na kamati haitahukumu kwa kukisia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini msukumo wa tangi hauonyeshi gesi iliyobaki?
2. Gari la chama chenu likitumia lita 10 kwa kilomita 100, lita 8 zitalipeleka umbali gani?
3. Katika mwezi uliopita, chama chenu kiliwezaje kujua ni safari zipi zilizotumia petroli?