Nauli na Mlezi: Mwongozo wa Kukuza Waamuzi Chipukizi wa Riadha

Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali ya dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Baada ya kilomita 42 na ushei, walitenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde, na picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua. Picha hiyo ina kanuni zake: kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika mstarini, si kichwa, mkono wala mguu. Jasho la mwanariadha huishia mikononi mwa mwamuzi anayeijua kazi yake.

Kijitabu hiki ni cha waamuzi wanaoanza, walimu wa michezo, vyama vya riadha vya wilaya na mikoa, pamoja na wadhamini. Ujumbe wake ni huu: mwamuzi chipukizi alipiwe safari ya kwenda kwenye mashindano makubwa kuliko aliyozoea, na akifika huko awepo mlezi wa kusimama naye. Nauli bila mlezi humfanya mtazamaji. Mlezi bila nauli hubaki jina kwenye orodha.

Kwa nini semina peke yake haitoshi

Kanuni husomwa darasani, lakini jicho na mkono hufundishwa uwanjani.

- Upepo. Katika mita 100, kipimo cha upepo husoma kwa sekunde 10. Katika mbio fupi za viunzi, sekunde 13. Katika kuruka chini, sekunde 5. Upepo wa kusukuma ukizidi wastani wa mita 2.0 kwa sekunde, rekodi haikubaliki. Kukariri tarakimu hizi ni kazi ya jioni moja. Kuanza kupima kwa wakati wake na kuandika matokeo bila kukosea, huku mbio inayofuata ikiandaliwa, kunataka mazoezi.
- Mkuki. Kichwa cha mkuki ndicho kinachopaswa kutangulia kugusa ardhi. Mwamuzi huliona hilo mara moja tu.
- Matembezi ya haraka. Hapa majaji hutumia macho yao: je, mguu mmoja uko ardhini? Je, goti limenyooka tangu mguu ulipogusa ardhi? Kadi nyekundu huandikwa na kila jaji kwa uamuzi wake mwenyewe, na zikitoka kwa majaji watatu tofauti, mwanariadha huadhibiwa au huondolewa, kwa kadiri ya kanuni za shindano hilo.

Walimu wengi nchini huanzia kwenye michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA). Huo ni msingi mzuri. Hata hivyo, aliyezoea saa ya mkononi hawezi kujifunza kamera ya mstari wa kumalizia mahali ambapo kamera haipo. Ni lazima asafiri.

Ruzuku ya safari igharamie nini

- Nauli ya kwenda na kurudi, kuanzia anakoishi, si kuanzia makao makuu ya mkoa.
- Malazi, ukiwamo usiku wa kuamkia mashindano, ili asiingie uwanjani akiwa na uchovu wa basi.
- Chakula na posho ya kila siku ya kazi.
- Ada ya semina au mtihani, kama upo.
- Gharama za msaidizi, kwa mama anayenyonyesha.

Fedha zitolewe kabla ya safari. Ruzuku inayomtaka mtu ajilipie kwanza kisha aje na risiti humfaa mwenye akiba, na humwacha nyuma yule iliyekusudiwa kumsaidia.

Ulezi: kabla, wakati na baada

*Kabla.* Mlezi na chipukizi wazungumze walau wiki mbili mapema. Wakubaliane juu ya kituo kimoja cha kazi, mathalani kurusha tufe au kuanzisha mbio, na mambo mawili au matatu ya kujifunza. Chipukizi asome kanuni za kituo hicho.

*Wakati wa mashindano.* Siku ya kwanza chipukizi asimame kando ya mlezi, atazame na kuuliza. Siku ya pili apewe jukumu halisi: kushika bendera, kusoma utepe wa kupimia, kujaza fomu. Mlezi asimnyang'anye kazi mbele ya watu wala kumgombeza mbele ya wanariadha. Pakiwa na kosa linalogusa matokeo, lirekebishwe papo hapo kwa utaratibu wa uwanjani. Mengine yasubiri jioni.

*Baada.* Wakae pamoja kabla ya kuagana: nini kilikwenda vizuri, nini bado. Chipukizi aandike katika daftari lake tarehe, uwanja, kituo na mafunzo aliyopata. Mlezi atie saini. Daftari hilo litakuwa ushahidi wake anapoomba kupandishwa daraja.

Jinsi ya kuandika maombi

Ukurasa mmoja unatosha. Eleza uliwahi kufanya kazi katika mashindano gani, unataka kujifunza nini, na utakifundisha wapi ukirudi. Ambatisha bajeti ya kweli na barua ya chama cha wilaya au mkuu wa shule. Usiandike kwamba unaipenda riadha ukaishia hapo. Onyesha ulichokwisha kuifanyia.

Haki na usalama

Vigezo vya uteuzi vibandikwe hadharani, na majina ya waliopata yatangazwe. Mtu asiteue ndugu yake. Wanawake na watu wenye ulemavu wapewe nafasi sawa ya kuwa waamuzi wakuu, si kuishia kwenye kubeba medali.

Mlezi na chipukizi wasilazwe chumba kimoja. Nafasi hailipwi kwa fedha wala kwa mwili. Ukiombwa rushwa, ikiwamo rushwa ya ngono, kataa na utoe taarifa kwa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, kwa kupiga 113, bila malipo.

Wajibu wa chama

Chama kiweke orodha ya waamuzi wake, daraja la kila mmoja na kituo anachokimudu. Kiteue walezi kwa uwezo wa kufundisha, kwa kuwa si kila mwamuzi hodari ni mwalimu. Nao walezi walipiwe safari kama chipukizi, maana muda wao una thamani.

Kila aliyesafirishwa arudi na deni la kufundisha: ndani ya miezi mitatu aendeshe mafunzo kwa walimu wa wilaya yake. Kwa njia hiyo nauli ya mtu mmoja inaifaa wilaya nzima. Vyama visivyo na fedha nyingi vianze na mtu mmoja, mlezi mmoja na shindano moja kwa mwaka, kisha viongeze. Wanariadha wetu wamekwisha kufika kilele cha dunia. Wanastahili waamuzi wa kiwango hicho tangu mbio zao za kwanza shuleni.