Tunatawadha mara tano, mbona visigino vinapasuka?

Ukitaka kujua hali ya ngozi zetu hapa Tabora wakati wa kiangazi, usiangalie nyuso za watu. Angalia miguu ya walio safu ya mbele yako wakiwa wamesujudu. Kuanzia Juni hivi, pale Kanyenye ninaposali, utaona visigino vimepasuka mpaka vumbi limejaa ndani ya mipasuko, na miundi imefanya weupe kama iliyopakwa majivu. Na hawa ni watu wanaoosha miguu mara tano kwa siku. Hebu tujiulize, ndugu msomaji, kama maji peke yake yangekuwa dawa ya ngozi, nani angekuwa na miguu mizuri kuliko Waislamu?

Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu, si daktari. Lakini maswali ya ngozi yanaletwa kwangu darasani mara kwa mara, hasa na akina mama, kwa sababu yamefungamana na udhu. Nimelazimika kusoma pande zote mbili, fiqhi na tiba, na niliyoyapata hayana ugomvi.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Ngozi ina mafuta yake ya asili, na kazi yake kubwa ni kuzuia unyevu wa mwilini usitoroke. Kila tunapoosha na kuacha maji yakaushwe na upepo, unyevu unapungua kidogo. Sabuni ndiyo inayozidisha, kwani haichagui kati ya uchafu na mafuta ya asili, inaondoa vyote. Wapo wanaojisugua mwili mzima kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, halafu wanalalamika kuwashwa. Sabuni ya kuogea inatosha, tena zaidi kwenye makwapa, sehemu za siri na miguu. Nyayo nazo zina udhaifu wa pekee: ngozi yake haina kabisa vile vitezi vya kutoa mafuta. Ndiyo maana magaga huanzia kisiginoni.

Na mji wetu uko mbali na bahari, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,200, na kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni nadra mno. Koo nyingi za Kanyenye zilikuja na misafara kutoka pwani, na mila za urembo za huko, liwa na hina na singo, bado zimo majumbani. Lakini misafara haikubeba hewa ya bahari. Mtu wa Tanga anaweza kukaa wiki nzima bila kujipaka kitu akabaki laini. Akija hapa mwezi wa Julai, siku ya tatu anaanza kujikuna.

Kwa hiyo ratiba ya ngozi kwa Muislamu wa mji huu haina haja ya kuanza upya. Udhu tayari ni ratiba. Kinachokosekana ni kile kinachofuata baada ya maji. Futa kwa kitambaa kwa kugandamiza, si kwa kusugua, kisha jipake mafuta ngozi ingali na unyevu kidogo, ndani ya dakika chache. Siri yote ipo hapo. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo. Anayejipaka saa mbili baadaye, ngozi imeshakauka, anafungia ukavu. Si lazima yawe ya bei. Mafuta ya nazi au ya mgando yasiyo na manukato yanafanya kazi hiyo vizuri. Sio lazima kila swala; baada ya kuoga asubuhi, baada ya Adhuhuri na kabla ya kulala panatosha.

Hapa ndipo swali la akina mama linapoingia: "Ustadh, nikijipaka mafuta, udhu wangu wa Alasiri utasihi kweli? Maji si yanateleza tu?" Ni swali la haki, na baadhi yao wameacha mafuta kabisa kwa hofu hii. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, amelizungumza katika kitabu chake Al-Majmuu. Muhtasari wake ni kwamba mafuta ya majimaji yaliyobaki kiungoni hayaharibu udhu, hata kama maji yanateleza juu yake bila kutulia, maadamu yamegusa ngozi na kupita. Kinachozuia ni kitu chenye mwili wake, kama nta, unga uliokandwa au bonge la hina lililoganda juu ya ngozi. Hicho ni lazima kiondolewe. Rangi ya hina iliyobaki baada ya kubandua si kitu, lakini rangi ya kucha ya dukani inaingia katika kundi la nta. Mafuta ya mgando yakipakwa kidogo na kusambazwa yakabaki mng'ao tu, hayana neno. Yakirundikwa mpaka yanaonekana, yafutwe kabla ya kutawadha.

Nimetaja nta kwa makusudi, kwa sababu Tabora ni nchi ya nyuki. Nta ya kwetu ilikuwa bidhaa ya kupelekwa ng'ambo tangu zama za Wajerumani, na leo tunanunua vikopo vya dawa ya magaga vilivyotoka mbali wakati nta inauzwa sokoni. Chukua kijiko kimoja cha nta safi iliyokunwa na vijiko vinne vya mafuta ya alizeti. Weka kwenye bakuli la bati, na bakuli uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, nta inashika moto. Mimina kwenye kikopo, ikipoa inakuwa mgando mzito. Baada ya Isha, loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe, kausha, paka, vaa soksi ulale. Lakini zingatia lile la Imamu Nawawi: hii ni nta. Kabla ya udhu wa Alfajiri ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Baina ya vidole mambo ni kinyume. Pale usipake mafuta. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kupenyeza maji baina ya vidole, na sisi tunapenyeza, kisha tunaingiza mguu mbichi ndani ya soksi na kiatu. Fangasi hawataki zaidi ya hapo. Kausha kila uwazi, na kandambili za msikitini zinazovaliwa na kila mtu ziogope kidogo.

Hadi hapa ni utunzaji. Liko jambo jingine linaloitwa utunzaji nalo ni uharibifu, yaani mkorogo. Tunalijua kwa kejeli za mitaani, uso fanta miguu koka, tunacheka tunapita. Ninaloliona mimi ni mabinti wanaochubuliwa wiki chache kabla ya ndoa, tena na shangazi na masomo wao, kwa nia ya kumpendezesha bibi harusi. Singo ya liwa haikuwa na madhara hayo. Yanayochanganywa siku hizi ni mengine: zebaki, haidrokwinoni, na dawa kali za hospitali za ukurutu zinazopakwa kama losheni. Zebaki haibaki usoni. Inapenya na kwenda kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 wa figo waliovimba miili, na 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kujing'arisha zenye zebaki. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu hugeuka na kuleta mabaka meusi ya kudumu mashavuni, yaani kile kile alichokuwa akikikimbia. Dawa za ukurutu nazo zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, na kidonda au mshono wa upasuaji unachelewa kupona. Fikiria mama mjamzito anayeweza kuhitaji upasuaji.

Vipodozi hivi vimepigwa marufuku nchini. Zamani usimamizi ulikuwa kwa TFDA, na tangu mwaka 2019 uko kwa TBS. Bado vinaingia. Ukishika boksi lisiloonyesha viambato, liache. Likikuonya usiguse nalo vito vya dhahabu au fedha, hiyo ni dalili ya zebaki. Na aliyekwisha kutumia kwa muda mrefu aende hospitali aeleze ukweli bila haya, kwa sababu kuacha ghafla baadhi ya dawa hizi kunaweza kuirudishia ngozi moto mkubwa kuliko wa kwanza, na hapo ndipo wengi hurudia.

Sitaki kuingia sana katika hukumu ya kubadili maumbile, masheikh wameieleza. Nasema tu kwamba weusi huu ni kinga ya jua aliyotupa Allah (s.w.), na thamani yake wanaijua waliozaliwa bila hiyo. Saratani ya ngozi ndiyo inayowaondoa wengi wa ndugu zetu wenye ualbino wangali vijana, na huanzia zaidi usoni, masikioni, shingoni na mikononi.

Ndugu walimu wa madrasa, viungo hivyo karibu vyote ndivyo vinavyopitiwa na maji ya udhu. Mtoto mwenye ualbino anapakwa mafuta ya kinga na mama yake asubuhi, anakuja chuoni, anatawadha kwa ajili ya Adhuhuri, kinga yote inakwenda na maji, kisha tunamruhusu kurudi nyumbani jua likiwa la utosi. Tena kichwani amevaa baraghashia, ambayo ni sunna ya wazee wetu na heshima yetu, lakini haina ukingo. Haifuniki uso, wala masikio, wala shingo. Aje na kofia pana, aivue wakati wa swala kama inazuia kusujudu, na mikono mirefu iwe ndiyo sare yake. Mafuta ya kinga yawe ya kiwango cha SPF 30 au zaidi. Yapo ya Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa Moshi katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC mahsusi kwa ajili ya wenye ualbino, na mzazi aulizie kliniki ya ngozi kabla ya kununua ya duka. Chupa ya pili ibaki kwa mwalimu. Baada ya kutoa salamu, kabla hajavaa viatu, apakwe tena usoni, masikioni, shingoni na mikononi, na akae ndani robo saa kabla ya kutoka.